Ulongi ile ile, Moshi inanukia maua, Arusha imekufa: tuanze na maji

Dada wa Njiro, swali lako nimelisoma mara tatu na nimelipenda sana, kwasababu kazi ngumu umeshaifanya mwenyewe bila kujua. Nalirudia kwa kifupi ili na wengine wajue tunaongelea nini. Kaka yako alirudi na mzigo kutoka Guangzhou, China, akakuletea pakti mbili za chai zimeandikwa Oolong, hapa ntaandika ulongi tu, moja ni vijidonge vya kijani, nyingine majani marefu meusi yaliyojisokota. Krismasi ukapanda navyo kwa mama Kiboriloni, ukaweka vijidonge kwenye kikombe, ukamimina maji ya moto ya bomba la chemchemi, ukafunika dakika tano, ikatoka ya dhahabu inanukia maua mpaka shangazi akauliza umeweka nini humo. Umerudi Njiro, pakti ile ile, kikombe kile kile, dakika zile zile, ila maji ni ya kisima cha hapo kwenye kompaundi, imetoka ya kahawia, haina harufu, na mdomoni inateleza kama umelamba sabuni. Unauliza imeharibika njiani au ni mkono wako. Halafu la pili, unauliza utajifunzaje kuonja maana kwenye pakti wameandika okidi na wewe hujui okidi inanukiaje.

Chai haijaharibika. Mkono wako una kosa dogo tu, ntalisema mbele. Ni maji.

Mi nimeonja kahawa miaka mingi hapa Moshi kabla sijahamia kwenye chai, na hakuna kitu kinaniuma kama mtu kuletewa chai nzuri kutoka mbali halafu anaihukumu kwa maji ambayo yangeua chai yoyote ile. Ukiwa na kikombe mkononi, karibu chote ni maji, majani yameacha kitu kidogo sana humo ndani, sasa hicho kidogo ndo kina harufu, na maji yakiwa na lao yanakimaliza. Wachina wenyewe zaidi ya miaka 1,200 iliyopita walishaandika kwamba maji ya mlimani ndo ya kwanza kwa chai, ya mto yanafuata, ya kisima ndo ya mwisho. We umepanda kwa mama ukatumia ya kwanza, ukashuka ukatumia ya mwisho.

Sasa maji yako yana nini. Arusha imekaa miguuni mwa Meru, mlima wa volkano, na maji ya ardhini ya upande ule yanapita kwenye mawe ya volkano yakichukua soda na floraidi. Sio kila mtaa, na visima viwili jirani vinaweza kutofautiana kabisa, lakini hilo neno lako "inateleza" ndo limenishtua. Watu wengi wanajua maji mabaya ni yale magumu, yanayokataa povu na kuacha ukoko mweupe kwenye jagi la umeme. Ya kwako inaelekea ni aina nyingine, sabuni inatoka povu chap na unasuuza mkono hauishi kuteleza, kwahiyo unadhani ni maji laini mazuri, kumbe yamebeba bikaboneti ya sodiamu, ndugu wa damu wa magadi. Na ukiyachemsha ile bikaboneti inaachia gesi inageuka taratibu kuwa kaboneti, yaani magadi yenyewe. Kwahiyo unavyochemsha, yanapoa, unachemsha tena yale yale, unazidi kuyakoleza, na wengi tunafanya hivo kila siku bila kujua, maji ya asubuhi yanarudishwa motoni saa kumi.

Magadi unajua yanafanya nini kwenye maharage, yanalainisha na kuharakisha kuiva. Kwenye chai yanaharakisha pia, ila kile usichotaka. Vile vitu vinavyoipa chai rangi na ukakasi wake, polifenoli, kwenye maji ya magadi vinaungana na hewa haraka sana, rangi inakuwa nzito ndani ya dakika, na ile asidi kidogo inayofanya chai ichangamke ulimini inazimwa, ndo unapata kinywaji cha kahawia kisicho na uso. Chai yetu ya Mufindi, Rungwe au Lushoto inavumilia kwasababu nyingi imesagwa na kuchanwa kwa mashine kuwa vipunje ili itoe rangi na nguvu mara moja, halafu tunaiwekea maziwa, tangawizi na sukari, ikiwa na hitilafu ya maji huisikii. Na mi naipenda sana hiyo chai, asubuhi ya baridi na chapati hakuna kinachoishinda. Ila ulongi ya kijani haina pa kujificha.

Usiniamini tu kwa maneno, jaribu. Siku ukitoka kwa mama beba dumu la lita tano la maji ya kule. Chukua vikombe vitatu vinavyofanana, weka kila kimoja gramu 2 za vijidonge. Cha kwanza maji ya kisima chako, cha pili maji ya mama, cha tatu maji ya mama lakini umetia punje ya magadi ya kupikia ndogo kabisa, nusu ya kichwa cha kiberiti. Dakika tano. Cha tatu utashangaa kinavyomfuata wa kwanza, rangi na mtelezo. Halafu kwenye kile cha kisima dondoshea matone mawili ya limao uangalie rangi inavyoruka kutoka kahawia kurudi njano. Limao sio dawa lakini, linafunika harufu ya maua na linaacha mengine yote humo ndani, ni la kukuonyesha tu.

Mtu mwingine atakwambia tofauti ni muinuko. Ni kweli upo, ila sio mkubwa kiasi hicho. Maji yanachemkia chini kadri unavyopanda, takriban nyuzi moja kwa kila mita 300, kwahiyo Moshi mjini yanachemka karibu nyuzi 97 na Arusha ambayo ipo kwenye mita 1,400 hivi yanachemka karibu 95. Nyuzi mbili haziui maua. Faida yake ni kwamba ukisoma kwenye pakti "tumia maji ya nyuzi 95", watu wa Dar wanasubiri yapoe, we usisubiri, yakichemka tu ndo hapo hapo, mimina. Na kwa ile nyeusi inayotaka moto wa kweli inabidi upashe kikombe kwanza maana kikombe cha baridi cha udongo kinakunyang'anya nyuzi kadhaa, na Arusha huna za kupoteza.

Hapa nasimama kidogo kwenye floraidi, samahani kama natoka nje ya chai lakini siwezi kuandika kuhusu maji ya kisima Arusha nikaliruka. Meno ya kahawia tuliyozoea kuyaona kwa watu waliokulia upande wa Meru yanatokana nayo, na mtoto ndo anaumia zaidi maana inaingia meno yakiwa bado yanajengwa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mto Maji ya Chai kule Arumeru umepewa jina kwa rangi yake, na unajulikana pia kwa floraidi nyingi. Kuchemsha hakuiondoi, kunaikoleza kwasababu maji yanapungua yenyewe inabaki. Vichujio vya kawaida vya mishumaa ya udongo navyo haviigusi, vinazuia wadudu tu. Inaondolewa na mkaa wa mifupa, ambao wataalamu wa kituo cha utafiti cha Ngurdoto wameufanyia kazi kwa miaka, au mashine zile za kusukuma maji kwa presha kwenye utando, ambazo maduka mengi ya maji ya kujaza madumu wanazitumia. Na mti wa chai wenyewe unavuta floraidi kutoka kwenye udongo unaihifadhi kwenye majani, jani likiwa limekomaa ndo inakuwa nyingi, na ulongi huchumwa majani yaliyokomaa kuliko chai nyingi. Kwahiyo kama kisima chako hakijapimwa, kipimeni, na hilo fanya hata ukiamua kutokunywa ulongi tena maishani.

Sasa utumie maji gani pale Njiro. La kwanza, ya kwa mama, sitanii, dumu moja linakutosha vikao vingi maana kikao kimoja hakifiki lita. La pili, maji ya mvua ya masika kama una paa safi na tenki safi, acha mvua ya mwanzo ioshe bati kwanza, kisha uyachemshe, haya yananipa mimi ulongi nzuri kuliko ya dukani mengi. La tatu, maji ya chupa, ila soma lebo, tafuta yenye bikaboneti ndogo na floraidi ndogo. Yale ya mashine ya utando yakiwa yamechujwa sana yanakuwa matupu, chai inakuwa na harufu lakini haina mwili, ukichanganya nusu kwa nusu na maji ya chupa yenye madini kidogo inatulia. Na chemsha mara moja tu, kiasi unachohitaji.

Lile kosa lako dogo ni chupa ya chai. Umesema maji unachemsha asubuhi unaweka kwenye chupa, na najua hiyo chupa jana ilikuwa na chai ya maziwa na tangawizi. Tangawizi haitoki kwenye kizibo hata uoshe vipi. Tenga chupa moja ya maji matupu, isiwahi kuonja kitu kingine. Na pakti zako ziweke mbali na kabati la viungo, mi niliwahi kupoteza robo kilo ya chai nzuri sana kwasababu niliiweka rafu moja na hiliki, wiki tatu tu, ikawa pilau. Ile ya kijani ndo laini zaidi, ikae imefungwa kabisa, haitaki mwanga wala hewa wala joto, na ukishafungua imalize ndani ya miezi michache. Nyeusi iliyokaangwa inavumilia zaidi.

Nikueleze kidogo ulongi ni nini maana ukiielewa hii mengine yote yanakuja yenyewe. Unajua ukimenya ndizi mshare za mtori ukaziacha kwenye beseni bila maji zinaanza kuwa nyeusi. Kimeng'enya kilichokuwa kimefungiwa ndani kimekutana na hewa kikaanza kazi. Ukizitupa kwenye maji yanayochemka weusi unasimama hapo hapo, kwasababu moto umekiua. Chai zote zinatoka kwenye mti mmoja, tofauti ni umeruhusu weusi ufike wapi kabla hujatia moto. Chai ya kijani wanatia moto mapema sana, hakuna weusi. Chai ya rangi tunayokunywa wameacha mpaka mwisho. Ulongi wamesimama katikati, na hiyo katikati ni pana mno, kuanzia karibu asilimia 10 mpaka 80 hivi, ndo maana pakti zako mbili hazifanani hata kidogo na zote zinaitwa ulongi. Wanayanyausha majani juani, wanayaingiza ndani, wanayatikisa kwenye nyungo au mapipa ya mianzi ili kingo zichubuke, wanayapumzisha, wanayatikisa tena, inakwenda hivo mpaka usiku wa manane, na fundi anasimama ananusa, harufu ikibadilika kutoka nyasi kwenda maua ndo anasema tia moto. Jani likifunguka kwenye kikombe chako liangalie vizuri, utaliona katikati kijani na pembeni kahawia nyekundu, hicho ndo kitambulisho chake. Mi hadi leo nikiona ule mstari wa pembeni nafurahi, ni alama ya mikono ya mtu aliyekesha.

Vijidonge vyako vya kijani, kama vipo kwenye vile vipakti vidogo vya gramu 7 au 8 vilivyonyonywa hewa, uwezekano mkubwa ni Tieguanyin ya Anxi, mkoa wa Fujian, mtindo wa kijani. Taiwan nao wanasokota vijidonge hivo, Dong Ding, Alishan. Nyeusi ndefu ni ama ya milima ya Wuyi, kaskazini mwa Fujian hiyo hiyo, inayochomwa kwa mkaa, au Dancong ya milima ya Fenghuang ambayo ipo Guangdong, mkoa ule ule wa Guangzhou alikokuwa kaka yako. Piga picha maandishi simu ikutafsirie. Kama ni Wuyi na imeandikwa Da Hong Pao usije ukadhani umepewa dhahabu, ile miti mama ya jina hilo ni sita tu imeota kwenye mwamba na tangu 2006 haichumwi, inayouzwa ni ya vizazi vyake au mchanganyiko, na inaweza kuwa nzuri sana hivo hivo. Na ukikutana na ile inayoitwa ulongi ya maziwa, ya kweli ni aina ya mti wa Taiwan, Jin Xuan, uliotolewa 1981, ina kaharufu ka maziwa kwa mbali kutoka kwenye jani lenyewe. Ikinukia pipi ya vanila mpaka chumba cha pili ujue wameipuliza.

Kupika. Kwanza sufuria isahau, ulongi haichemshwi jikoni. Wachina wanatumia kibakuli chenye mfuniko na kisahani, kinaitwa gaiwani, mililita 100 mpaka 120. Huna, tumia kikombe kidogo cha kauri na kisosi cha kufunika juu, chujio, na kikombe cha pili cha kumiminia. Siri yote ni majani mengi, maji kidogo, muda mfupi, mara nyingi. Dakika tano ulizoweka kwa mama zilifanya kazi kwasababu majani yalikuwa machache, hamna ubaya, lakini umekunywa hadithi nzima kwa mkupuo mmoja na ulongi imetengenezwa isimuliwe sura kwa sura.

Vijidonge gramu 5 kwa mililita 110. Mizani ndogo ya jikoni inasaidia sana maana kijiko kinadanganya, kijiko kimoja cha chai cha vijidonge ni karibu gramu 3 kwasababu vimeshikana, kijiko hicho hicho cha yale marefu hakifiki hata gramu moja na nusu, ndo mtu anaweka kijiko kimoja kimoja halafu anasema nyeusi haina ladha. Pasha kikombe kwa maji ya moto, mwaga, tia vijidonge, funika, tikisa, funua unuse. Usiruke hapo. Kikombe cha moto na majani makavu ndo harufu ya kwanza na mara nyingi ndo iliyo wazi kuliko zote. Kisha mimina maji ya moto, sekunde tano, mwaga, funika uache dakika moja vijidonge vilegee kwa mvuke. Wengine wanasema hiyo ni kutoa kafeini, sio kweli, sekunde tano hazitoi kafeini ya maana, tunaamsha jani tu. Mara ya kwanza ya kunywa sekunde 30, ya pili 20 kwasababu sasa limefunguka, ya tatu 30, kisha 45, dakika moja, dakika moja na nusu. Utafika mara sita au saba. Kila ukimimina maliza yote, usiache maji yamelala na majani, hapo ndo uchungu unapozaliwa.

Nyeusi ndefu gramu 6 kikombe hicho hicho, maji yanayochemka kabisa, kikombe kimepashwa, sekunde 10 mpaka 15, na unaongeza sekunde 5 au 10 kila mara. Dancong hasa ni kali, ukiisahau sekunde 40 mwanzoni inakukunja uso.

Asubuhi huna muda, gramu 3 kwenye kikombe kikubwa cha mililita 250, dakika tatu, toa majani, basi. Na kwa joto la Moshi la Februari mi naweka gramu 5 za kijani kwenye chupa ya nusu lita ya maji safi ya kunywa, naiweka kwenye friji usiku kucha, asubuhi ni tamu bila sukari na haina uchungu kabisa. Ila usinywe ulongi kali tumbo tupu, inaleta kichefuchefu, kula hata kiazi kwanza. Na kama una upungufu wa damu au una mimba, iache ikae mbali na chakula kama saa moja hivi, chai yoyote inazuia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwenye mboga na maharage.

Haya, kuonja. Okidi iache. Mtu aliyeandika okidi kwenye pakti amekulia penye okidi, we hujakulia huko na pua yako ina maktaba yake. Wewe ni mtoto wa Kiboriloni, mvua za vuli zikishapiga na mibuni ikachanua meupe, ile harufu ya asubuhi ukifungua dirisha unaijua toka utoto. Ndo hiyo. Ulongi ya kijani nzuri kwenye kikombe cha kwanza na cha pili inakaa jirani kabisa na ua la mbuni na asumini, na wakati mwingine inapitiliza mpaka kwenye mlangilangi. Andika hivo kwenye daftari lako, "ua la mbuni, asubuhi", utajielewa wewe kuliko ukiandika okidi.

Harufu na ladha ni vitu viwili na hapa ndo watu wengi wanakwama, wanasema nasikia majani tu. Ziba pua, kunywa fundo, meza, halafu achia pua upumue nje kwa puani mdomo umefungwa. Utashtuka. Ukiwa umeziba unapata uchungu, utamu, ukakasi basi, ukiachia maua yote yanakuja kwa mpigo, kwasababu harufu inapanda kutoka kooni kwenda puani. Ndo maana sisi waonja kahawa tunavuta kwa kelele kutoka kwenye kijiko, tunarushia kinywaji na hewa mpaka nyuma. Najua mezani mbele ya wazee ni utovu wa adabu, fanya ukiwa peke yako jikoni, ila ujifunze.

Tofautisha uchungu na ukakasi, bahati nzuri Kiswahili chetu kinavyo vyote viwili wakati lugha nyingi zinavichanganya. Uchungu ni ladha, upo ulimini, kama mwarobaini. Ukakasi ni hisia, mdomo unakauka na kukunjamana kama umeng'ata ndizi mbichi au bibo. Ulongi nzuri inaweza kuwa na vyote kidogo, swali ni vinaondoka au vinakaa. Kwenye nzuri ukakasi unayeyuka ndani ya nusu dakika na nyuma yake kooni unapanda utamu ambao haukuwepo wakati unameza. Wachina wana jina lake, mi nauita utamu unaorudi. Ukiuona umefika, na hauwezi kuuona ukitia sukari, ndo sababu pekee nakuomba usiweke sukari mara ya kwanza, sikukatazi kwako nyumbani. Kwa ile nyeusi tafuta vitu vingine kabisa, karanga zinazokaangwa, ganda la mkate, sukari inayoungua pembeni ya sufuria, ganda la mdalasini, na kwenye zile za Wuyi kuna kitu cha mawe, kama harufu ya vumbi la lami nyeusi mvua ya kwanza ikidondoka. Kama unapata mkaa na moshi tu na hakuna kitu nyuma yake, imechomwa kufunika ubovu, au imechomwa juzi juzi na inahitaji kupumzika miezi kadhaa ikiwa imefungwa.

Na ujifunze kwa kulinganisha, sio kikombe kimoja kimoja. Mtu akikupa kahawa moja huna cha kusema zaidi ya nzuri, akikupa mbili mezani mdomo unafunguka wenyewe. Waonja chai wana kipimo cha kimataifa, gramu 2 kwa kila mililita 100, maji yanayochemka, dakika 6. Ni kikali, hakikusudiwi kufurahisha, kinavua nguo chai yote ili makosa yaonekane. Weka zote mbili kwa kipimo hicho, maji ya mama, onja zikiwa moto, zikiwa vuguvugu, na zikiwa zimepoa kabisa. Zikipoa ndo ukweli unatoka, chai mbovu ikipoa inakuwa na uchachu na ukakasi unaong'ang'ania, nzuri inabaki na maua yake.

Usianze na zote siku moja ila. Wiki hii fanya ile ya vikombe vitatu kwa kijani, nyeusi iache imefungwa kama ilivyo. Ukishapata maji, andika kwenye daftari mambo matatu tu kwa kila mmimino, harufu ya mfuniko, ukakasi unakaa muda gani, na kooni kunarudi nini, kisha niandikie ulichokipata kwenye ule wa tatu na wa nne, maana kwenye Tieguanyin hapo ndo maua yanaanza kupisha kitu cha maziwa na nyasi, na ningependa kujua pua ya Kiboriloni inakiitaje.